Madam wa Rafu

Madam hakuwa akitazama skrini ya mwanafunzi bila kupiga hodi. Alikuja nyuma yako polepole, akasimama ameelekeza uso dirishani kama mtu anayesubiri basi, kisha akagonga meza kwa pete yake ya ndoa. "Hodi hapa?" Ukijibu karibu, aligeuka akatazama. Ukijibu "bado, Madam," alikwenda zake kwa mwingine bila kununa. Siku za mwanzo tulimcheka. Hatukuwa tumewahi kuona mwalimu anayeomba ruhusa ya kuona kazi ya mtoto, tena kwenye kompyuta ambayo hata si ya mtoto, ni ya shule.

Walimu wote wa kike pale shuleni kwetu Korogwe tuliwaita Madam. Kulikuwa na Madam wa Jiografia, Madam wa Kiswahili, na Madam Mlezi aliyekagua mabweni. Huyu alifundisha hesabu na kompyuta, lakini hatukumwita kwa masomo yake. Tulimwita Madam wa Rafu, na jina hilo halikutoka hewani.

Kila aliyesoma shule zetu anajua rafu ni nini. Ni ile karatasi unayokokotolea hesabu pembeni kabla ya kuandika jibu. Unaandika, unakata, unaandika tena, unachora hata kichwa cha mbuzi ukichoka, na hakuna mwalimu anayeisahihisha. Wavulana walipenda kusema kwamba Madam ndiye mwalimu pekee nchini anayeruhusu kucheza rafu. Naye hakukasirika. Alisema, "Uwanja wangu hauna refa. Chezeni."

Chumba cha kompyuta kilikuwa stoo ya majembe zamani. Kilikuwa na dirisha moja pana linalotazama milima ya Usambara, na mashine zilizochoka ambazo shule ilipewa baada ya ofisi fulani kuzistaafisha. Tulikuwa wengi kuliko mashine, hivyo tulikaa wawili wawili, na wote tuliingia kwa jina moja na neno la siri moja. Maana yake ni kwamba chochote ulichohifadhi, shule nzima ingeweza kukifungua.

Mimi nilitoka Magoma, kwa wakulima wa mpunga. Kabla ya sekondari nilikuwa nimeiona kompyuta kwa mbali tu, kwenye meza ya ofisi ya kata. Madam alipoanza kutufundisha kuandika programu nilipata furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya kutafuta wastani wa alama za darasa. Kwa kuwa sikujua bado namna ya kuongea na mashine, nilikuwa nikiiandikia maelezo kwa Kiswahili katikati ya mistari, kama mtu anayemtuma mtoto wa jirani dukani: tafadhali jumlisha hapa, tafadhali usisahau Hisabati, asante sana. Nikaihifadhi kwa jina langu kamili, nikaenda kula.

Kesho yake wavulana wa mkondo mwingine waliifungua. Mmoja alisimama barazani akaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, na wenzake wakaitikia "tafadhali" kila alipofika kwenye neno hilo. Muhula mzima nikaitwa Tafadhali. Foleni ya chakula, Tafadhali. Mstarini asubuhi, Tafadhali. Hata mpishi alidhani hilo ndilo jina langu, akaniuliza kwa upole kama ni la kikwetu.

Niliacha kuandika. Niliingia kwenye kipindi, nikakaa, nikamwacha mwenzangu abonyeze. Mtu asiyejua angesema ninasikiliza kwa makini.

Wiki ya pili ya hali ile, pete iligonga meza yangu.

"Hodi hapa?"

"Karibu, Madam."

Akatazama skrini, akatazama mikono yangu. "Nani kakukataza kuandika?"

"Hakuna, Madam."

"Mbona upande wako kibodi imepoa?"

 Mwenzangu, ambaye alikuwa binti wa Manundu, pale pale mjini Korogwe, asiyeogopa mtu, akajibu kwa niaba yangu. Alimweleza yote, pamoja na baraza na mpishi. Madam alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea angewaita wale wavulana awachape. Aliwaita kweli, na mpaka leo sijui aliwaambia nini, ila walitoka wakiwa wapole. Lakini mwenyewe alijua kwamba hilo si dawa. Alituambia baadaye kwamba ukimfunga mdomo mtu mmoja anayecheka, anayeogopa kuchekwa bado anaogopa.

Zikapita siku tukimwona anabaki kwenye kile chumba mchana, wakati walimu wenzake wakiwa wanakula. Alikula karanga tu, akimenya kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Huyo ndiye aliyebandika mlangoni karatasi yenye maandishi mekundu: CHAKULA MARUFUKU. Maganda ya karanga zake tuliyakuta kwenye kila kibodi, na hakuna aliyethubutu kumwonyesha.

Kisha akaniita peke yangu. Tulikuwa tukitumia kihariri, yaani ile programu ambayo ndani yake unaandika programu nyingine, na kihariri kile kilikubali kupachikwa plagini, viongezo vidogo ambavyo mtu yeyote anaweza kuvitengeneza kukipa kazi mpya. Madam alikuwa ametengeneza cha kwake.

"Bonyeza hapa na hapa, kwa pamoja," alisema.

Nikabonyeza. Ukafunguka ukurasa mtupu. Juu yake palikuwa na neno moja, *rafu*. Ukauliza unataka kuandika kwa lugha gani ya programu, nikachagua ile tuliyokuwa tukijifunza, na nilipoandika mstari wa kwanza maneno yakapata rangi zake kama kawaida.

"Hili faili liko wapi, Madam?"

"Halipo popote."

"Si ninaliona?"

"Unaliona kwa sababu mashine inalikumbuka. Liko kichwani mwake tu. Diski haina habari. Ukilifunga limekwenda, wala mimi siwezi kulipata. Hata umlete fundi kutoka Dar es Salaam, atarudi na mkoba wake." Akasogea nyuma, akageukia dirisha. "Haya, andika upumbavu wowote unaoutaka."

Niliandika. Niliandika tafadhali nyingi mno. Niliwaandikia wale wavulana maneno ambayo mama yangu angeyasikia angeniosha mdomo. Kisha nikajaribu programu ya wastani, nikaikosea, nikaiendesha, mashine ikanilalamikia kwa maandishi mekundu. Nikaikosea tena kwa namna nyingine.

"Sasa funga," alisema bado ametazama nje.

Nikafunga. Haikuniuliza kitu. Tulifungua folda zote pamoja, tukatafuta, hakukuwa na hata harufu. Nikafungua rafu nyingine bila kuambiwa. Kengele ya kipindi kingine ilipolia nilikuwa bado naandika, na Madam alinyoosha mkono akazima skrini yangu kwa nguvu, maana nisingeondoka.

Baadaye, nilipokuwa mkubwa wa kuelewa, alinieleza alivyofanya. Kila faili kwenye kihariri lina anwani, na mwanzo wa anwani hueleza linakaa wapi. Yeye alibuni anwani inayoanza na neno rafu, ambayo haielekei mahali popote kwenye diski, akakifundisha kihariri kwamba kikiona anwani hiyo kichote maandishi kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine, basi. "Nimekidanganya," alisema huku akicheka, "na hakijanung'unika." Kilichomsumbua zaidi ni lile swali ambalo kihariri hupenda kuuliza ukitaka kufunga: je, unataka kuhifadhi? Alitumia siku nyingi kulinyamazisha. Alisema mtoto mwenye haya akiulizwa swali lile, anasikia anaulizwa kama kazi yake ina thamani, na jibu lake ni hapana kila siku.

Ajabu ni kwamba mwanamke huyo aliyetuhimiza kufuta na kutupa hakuwahi kutupa kitu nyumbani kwake. Aliishi Manundu, kwenye nyumba ya uani penye mpapai, na chumba kimoja kizima kilikuwa cha vitu vilivyokufa: kibodi zisizo na herufi, feni bila panga, makopo, sare za watoto wake ambao sasa wana watoto wao. Mifuko ya mkate aliiosha na kuianika kambani kama soksi. Mumewe alikuwa fundi magari, Mzigua wa Handeni, Mwislamu mcheshi sana, naye Madam alikuwa anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa, tena akiikosea. Nyumba ile ilipika pilau Idi na Krismasi, na mwaka mzima walibishana kuhusu kile chumba.

"Mwalimu wenu anafundisha kufuta," yule mzee alituambia siku moja tulipokwenda kumsaidia Madam kubeba mashine mbovu. "Hapa nyumbani mimi nimeshindwa kufuta hata kifuniko cha kalamu."

"Kifuniko cha kalamu kina kazi," Madam alijibu kutoka jikoni.

"Kazi gani?"

"Ikifika nitakuambia."

Sitaki nimchore malaika. Alikuwa na ulimi, na alikuwa na kinyongo. Mwalimu wa Fizikia aliwahi kusema kwenye ofisi ya walimu kwamba chumba cha kompyuta ni mahali pa wasichana kupumzikia jua, na Madam hakumsalimia muhula mzima. Walipokutana mlangoni alisubiri apite, akitazama juu ya kichwa chake. Yule mwalimu alikuja kumwomba radhi mbele ya wengine, akasamehewa, lakini mashine ya kuchapisha hakuruhusiwa kuigusa mpaka alipohama. Na mstarini asubuhi, ambako wanafunzi wachelewaji walipiga magoti, Madam alifika mwisho karibu kila siku, akiwa na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akatusimamia kwa uso mkali kana kwamba alikuwepo tangu alfajiri.

Rafu nayo ilimletea maneno. Kwenye jaribio la kidato cha tatu, mwanafunzi mmoja aliweka majibu yote kwenye rafu, na msimamizi aliposogea akaifunga. Ushahidi ukayeyuka. Mwalimu Mkuu alikuja mwenyewe kwenye chumba cha kompyuta, tukiwemo.

"Madam, hicho kitu chako kinaficha wezi. Kiondoe."

"Mwalimu Mkuu, karatasi nazo zinaficha wezi," alisema kwa heshima. "Tuondoe karatasi?"

"Sitaki mabishano mbele ya watoto."

"Basi nipe jaribio moja. Nikishindwa, nakiondoa mwenyewe, na mtanisikia nikikubali."

Alipewa. Jaribio lililofuata aliliendesha kwa mdomo. Kila aliyeandika jibu aliitwa mbele, akaulizwa, huu mstari wako unafanya nini? Yule aliyekuwa na rafu ya majibu hakuweza kueleza hata mmoja. Alisimama pale jasho likimtoka mpaka tukamwonea huruma. Madam hakumkejeli. Alimwambia arudi Jumatatu wajifunze pamoja, na Mwalimu Mkuu hakulizungumzia tena.

"Andika kwanza, aibu baadaye," alipenda kusema. Nyingine aliyoipenda: "Mjinga wa peke yake hupona haraka." Na tulipomwuliza kabila lake, maana babu zake waliletwa kutoka mbali kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na damu ikachanganyika hapo hapo, alijibu, "Kabila langu ni mkonge. Nina miiba na nina nyuzi."

Siku ninayomkumbuka zaidi ni ile rafu ilipotusaliti.

Kule kwetu Magoma wakulima wa mpunga hugawana maji ya mfereji kwa zamu, na zamu hizo zilikuwa zimevunja undugu wa watu. Baba alikuwa hasemezani na binamu yake kwa sababu ya lango la maji lililofungwa mapema. Nikamwambia Madam kwamba nadhani kompyuta inaweza kupanga zamu bila upendeleo, maana yenyewe haina shamba. Akafurahi mpaka akamwaga chai. Hakungoja. Alimpigia simu mwenyekiti wa maji, akamwalika aje na wazee wake shuleni kuona kazi ya binti wa kwao.

Asubuhi ya siku hiyo programu niliyokuwa nimeihifadhi ilikuwa inaweza kuorodhesha majina tu. Niliiona haifai. Nikafungua rafu nikaanza upya, kwa kuwa ndani ya rafu mikono yangu ilikuwa mepesi. Ikaja yote. Nilipoiendesha ilipanga zamu za mfereji mzima, mtu baada ya mtu, nikamwita Madam, akapiga hodi, akaona, akanishika bega. Nilikuwa ndiyo nainakili kuipeleka kwenye faili la kweli umeme ulipokatika.

 Feni ilizunguka kidogo kwa mazoea, ikasimama. Nje tukasikia bodaboda zinaingia getini. Wazee wa Magoma walikuwa wamefika, na baba akiwa miongoni mwao amevaa kanzu ya Ijumaa.

Nilianza kulia. Nilijua kijijini kungesemwa nini. Nilijua pia baba alikuwa hataki nirudi shule muhula ujao, kwa sababu alihesabu kompyuta kuwa mchezo, na alikuwa amekuja siku hiyo kuamua.

Madam aliwapokea mlangoni, akawaamkia wakubwa wake, akawaketisha kwenye viti vyetu. Kisha akasimama mbele yao.

"Wazee wangu, programu ilikuwepo, sasa hivi haipo. Imepotea kwa sababu ya kitu nilichokitengeneza mimi kwa mikono yangu. Nilikitengeneza kisikumbuke, na kimefanya nilivyokiagiza. Kosa ni langu. Binti hana kosa."

Sikuwahi kumsikia mwalimu akisema maneno hayo. Nadhani hata wazee hawakuwahi. Mwenyekiti alikohoa.

"Kwa hiyo tumekuja bure, mwalimu?"

"Hamjaja bure. Umeme ukirudi ataiandika mbele yenu. Wakati tunasubiri, mwelezeni mnavyogawana maji, maana mpaka sasa amesikia kwa baba yake tu."

Wakacheka, hata baba. Madam akanipa chaki. Nikachora mfereji ubaoni, na wazee wakaanza kunisahihisha, kwanza mmoja, halafu wote kwa pamoja. Yule mwenye shamba la mwisho kabisa alisimama akauchukua mkono wangu, akausogeza mpaka mwisho wa mstari.

"Mimi niko huku mkiani, mwanangu. Maji yakinifikia yameshachoka. Saa yangu moja si sawa na saa moja ya mwenyekiti aliye kichwani."

Nikabaki na chaki hewani. Programu iliyopotea ilimpa kila mtu saa sawa. Niliyokuwa nikiililia ilikuwa mbovu, na ingeanguka mbele yao.

Umeme ulirudi alasiri. Niliandika wazee wakiwa nyuma yangu, na Madam akiwa pembeni ameshika kiti. Ilitoka fupi kuliko ya kwanza, maana sasa nilijua ninachokitafuta. Safari hii nilihifadhi kila mstari. Ilipopanga zamu, mwenyekiti aliinama kusoma.

"Mbona mimi wa mwisho?"

"Wewe ndiye uliyesema hapa ubaoni, Mwenyekiti," alijibu yule wa mkiani, "kwamba aliye karibu na lango asubiri walio mbali."

Chumba kizima kikacheka. Mwenyekiti naye alicheka, ingawa kwa uchungu kidogo. Walitumia mpango ule msimu mmoja, wakaurekebisha, wakaugombania, na baadaye wakarudi kupanga zamu kwa kupigiana simu. Lakini ile kanuni ya watu wa mkiani kuongezewa muda walibaki nayo, na baba na binamu yake wakasemezana.

Jioni ile wakati wa kuondoka, baba alimwambia Madam, "Mwalimu, mimi nilidhani unamfundisha kucheza."

"Anacheza, mzee wangu," Madam alisema. "Asingecheza asingeweza."

 Baba akasema atauza gunia moja la mpunga kabla ya bei kupanda, ili nirudi shule mapema. 

Baada ya hapo Madam aliigeuza rafu. Nilimwona akihangaika. Akiweka lile swali la kuhifadhi, waoga wataanza tena kuogopa. Asipoliweka, mwingine atalia siku moja umeme ukikatika. Mwishowe aliamua rafu isiulize kitu, ila mistari ikizidi kiasi fulani ukingo wa chini unageuka rangi ya chungwa, taratibu, kama embe linaloiva. Ukiona chungwa unajua kitu chako kimeanza kuwa kitu, na kuna kitufe kimoja cha kukihamishia kwenye faili la kweli. "Kisimlazimishe mtu," alisema. "Kimkonyeze tu."

Leo ninaishi Manundu, si mbali na ile nyumba yake ya zamani. Ninaandika programu kwa ajili ya watu wa Dar es Salaam na kwingineko, na siku yangu ya kazi huanza kwa rafu. Alipostaafu alinipa msimbo wake wote, yaani maandishi yanayoiendesha rafu, kwenye flashi iliyofungwa ndani ya mfuko wa mkate uliooshwa. "Iko uchi," aliniambia. "Ivishe." Niliivisha. Niliiandika upya, nikaiweka mtandaoni, bure, mahali ambapo waandishi wa programu huchukua plagini zao. Jina nililiacha lile lile. Watu nisiowajua hunitumia ujumbe kuuliza rafu maana yake nini.

Mwaka jana mumewe alifariki. Tulimzika Handeni, kwenye ardhi ya kwao, na Madam akaamua kubaki huko huko, kwenye nyumba waliyokuwa wameijenga polepole. Miezi ilipopita nikaenda kumtembelea. Nilimkuta uani anamwaga maji ya kuoshea mchele kwenye mche wa mlimao, kwa kijiko kikubwa, maana maji kule ni ya kununua kwa dumu.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Wanakupa kazi, hawakupi chakula?"

Tulikula bada, ule ugali wa muhogo, na mlenda. Nilimfungulia kompyuta yangu, nikamwonyesha rafu ilivyo sasa. Alivaa miwani, akasoma msimbo wote kimya, mstari kwa mstari, akiteremka kwa kidole. Akasimama mahali.

"Hapa si mkono wako."

"Ni mtu mmoja yuko mbali, Madam. Aliona kosa, akalirekebisha, akanitumia. Simjui."

"Umemshukuru?"

"Bado, Madam."

"Mshukuru sasa hivi."

Nikaandika shukrani pale pale, naye akingoja, nikaituma. Alivua miwani, akaifuta kwa kanga. Akanikumbusha habari za msiba, jinsi watu walivyozungumza siku ile ya mazishi. Madereva walisimama wakasema fundi aliwaokoa njiani Segera. Majirani wa Manundu walisema aliwafundisha watoto wao kazi. Mtu mmoja alisema asingekuwa hai bila yeye.

"Maneno mazuri sana," alisema. "Nilikaa pale nikifikiri, haya yote mbona hawakumwambia? Miaka yote alidhani yeye ni fundi wa kawaida tu. Aliniuliza hata wiki ile ya mwisho, hivi nimefanya nini mimi? Nami nikamjibu kwa utani."

 Barabarani kulikuwa na vumbi, na Wamasai wawili walikuwa wakipitisha ng'ombe kuelekea bwawani.

Nikaweka kompyuta chini. Sikuwa nimejiandaa, lakini nilimwambia. Nilimwambia kwamba nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa nimeshaamua mimi ni mjinga, na kwamba ni yeye aliyenitoa. Nilimwambia jinsi alivyosimama mbele ya wazee akasema kosa ni lake, na kwamba tangu siku hiyo ninajua mtu mzima anaonekanaje. Nilimwambia mdogo wangu yuko chuo kwa kazi hii ya mikono yangu, na baba humtaja yeye, Madam, akisali.  Madam alikaa wima kwenye kigoda, mikono mapajani, macho yake chini. Hakunikatiza, yeye ambaye alikuwa hamwachi mtu amalize sentensi.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, Madam."

Alifuta uso kwa ncha ya kanga, akavuta kigoda chake akakisogeza karibu na changu.

"Ng'ombe wale walikuwa wanapiga kelele," alisema. "Hebu rudia ile ya mwanzo. Sikuisikia vizuri."

Nikarudia, tangu mwanzo.